Mlango wa Shangazi

Shuka la mia na kumi lilikuwa limekwama kona kwenye roli la mashine ya pasi, na Mashuka, kama walivyomwita wote, alikuwa akilinasua kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu anayemtoa mtoto mwiba. Mvuke ulimpiga usoni. Miaka sita alikuwa katika chumba hiki cha kufulia cha hospitali, na jina alilopewa na mama yake lilikuwa limebaki kwenye karatasi tu.

"Chifu," alimwambia msimamizi bila kugeuka, "naomba kutoka saa nane leo."

"Kuna nini? Umefiwa?"

"Hapana. Kwa Shangazi panafungwa."

Msimamizi hakujua huko ni wapi. Aliliangalia rundo lililobaki, akaiangalia saa. "Nenda. Saa zako nakata."

Kwa Shangazi palikuwa chumba kimoja cha chai katika mtaa wa nyuma, mahali pekee katika mji ule wa ugenini ambapo mtu aliweza kuagiza chai kwa Kiswahili na kutaniwa kwa Kiswahili. Lakini haikuwa chai tu. Wateja wengi walilala wanane wanane katika vyumba vilivyoandikishwa kwa watu wawili, na wenye nyumba hawakutaka barua yenye jina la tatu ionekane mlangoni. Basi kila mgeni alipewa namba ya mlango wa Shangazi aijaze kwenye fomu zake. Barua Shangazi alizipanga kwenye boksi la viatu, si kwa majina ya kwenye bahasha bali kwa kazi, maana pale watu waliitwa kwa kazi zao: wapishi, walinzi, wasafishaji, madobi. Sasa jengo lilikuwa limeuzwa, na kodi aliyotaka mwenye jengo mpya ilikuwa mara mbili ya ile ya zamani.

Mashuka alisubiri barua moja tu: kibali kipya cha kazi. Cha zamani kilikuwa kimebakiza siku tisa. Kwa hiyo alipitia kwanza ofisi ya vibali, dirisha la nne.

"Nabadilisha anwani tu, ndugu."

"Barua ya mwenye nyumba iko wapi?" karani aliuliza.

"Mwenye nyumba hatoi."

"Kwa hiyo huna unapoishi?" Hakusema kwa dharau. Fomu ilikuwa na mahali pa kuweka tiki kwa ajili ya hilo.

"Ninapo. Nalala, naamka, nakwenda kazini."

Karani alibonyeza kompyuta yake. "Kibali chako kilitumwa jana, anwani ile ile. Kesho au keshokutwa kitafika, na lazima upokee mwenyewe, utie sahihi. Wasipokukuta, kinarudi na unaanza upya. Miezi minne. Na hiyo miezi minne huruhusiwi kufanya kazi."

"Basi kikirudi nije nikichukue hapa."

"Hapa hatutoi, mzee. Hapa tunatuma."

Alipofika kwa Shangazi, viti vilikuwa vimeshapandishwa juu ya meza.

"Huyo! Umechelewa kama mshahara," alisema Shangazi. "Kaa. Kikombe cha mwisho ni chako. Sukari imeisha, usinune."

Kamanda, mlinzi wa ghala, alikuwepo na sare yake, na Dada Lifti, aliyesafisha lifti za jengo la ghorofa ishirini. Shangazi aligawa barua zilizobaki kwenye boksi. Upande wa madobi ulikuwa mtupu.

"Tuandikiane tunapokaa," alisema Dada Lifti, akatoa kalamu. "Tusipoteane."

"Si tuna namba za simu?" alisema Kamanda.

"Mtu wa kwenye simu unamkaribisha kiti gani?"

Karatasi ikazunguka. Kamanda aliishika kalamu, akafikiri, akaiweka chini. "Pale kwetu wageni hawaruhusiwi. Hata mimi mwenyewe naingia kwa kunyata."

Walicheka sana, kisha kicheko kikaisha na hakuna aliyejua aangalie wapi. Mashuka naye aliipitisha karatasi bila kuandika. Ikamrudia Dada Lifti nyeupe. Yeye mwenyewe hakuwa ameandika kitu. Aliikunja akaitia mfukoni, akasema zamu yake inamsubiri.

Mmoja mmoja wakaondoka. Shangazi alikuwa anahamia kwa binti yake, mji mwingine, safari ya saa tano kwa treni. Alimshika Mashuka mkono kwa muda mrefu. "Kula vizuri, mwanangu," alisema, na teksi ikamchukua.

Akabaki yeye na mjumbe wa mwenye jengo, kijana mwenye mkufu wa funguo.

"Na hilo benchi la wateja, nani analitoa?" kijana aliuliza. Lilikuwa limefungwa ukutani kwa skrubu kumi na mbili.

"Nalifungua mimi," alisema Mashuka. "Bisibisi ninayo. Lakini si kazi ya leo."

"Mafundi wanaingia keshokutwa jioni. Kesho nitakufungulia saa mbili, na keshokutwa pia ikibidi. Nakupa dakika kumi sasa, nafunga madirisha ya nyuma."

Mpeleka barua hupita saa nne asubuhi. Zamu ya dobi huanza saa moja. Mashuka alimwandikia msimamizi kwamba kesho hatafika, pengine na keshokutwa, anafuatilia kibali cha kazi. Jibu halikuchelewa: *Usipofika kesho, hiyo kazi unayotafutia kibali haipo.*

Alilisoma mara mbili, akazima simu. Akapiga magoti, akafungua skrubu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Zilitoka kwa urahisi kuliko alivyotegemea; kwa mwendo ule, kabla kijana hajarudi benchi lingekuwa chini, na kesho asingekuwa na sababu ya kumfungulia mlango.

Akasimamisha mkono. Akasikiliza madirisha yakifungwa huko nyuma. Kisha akaichukua skrubu ya tatu, akairudisha kwenye tundu lake na kuikaza kwa nguvu zake zote.