Karatasi ya Wiki ya Sita

Chuoni walimwita Mwalimu Nukta, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko alivyokiri. Alifundisha kuandika programu za kompyuta. Kila mwaka, siku ya kwanza, aliweka nukta moja ubaoni kwa chaki na kusema, "Hii ikikosekana, kazi yako yote imekwenda na maji."

Maradhi yalipofunga chuo, ubao ulibaki huko. Nukta akahamia chumbani, kompyuta juu ya meza ya kupigia pasi, na mkewe upande wa pili wa pazia akishona barakoa kwa cherehani. Kila wiki alirekodi video ya somo. Na kwa kuwa video hula bando, alitoa pia karatasi: maandishi matupu ya somo lilelile, yanayofunguka hata kwenye simu iliyochoka.

"Asiyemudu video afuate karatasi," aliwaambia, "neno kwa neno."

Video aliitazama mara mbili kabla ya kuituma. Karatasi aliichapa mwishoni, harakaharaka, chai ikipoa pembeni.

Zoezi la wiki ya sita lilikuwa kuandika programu ya kujumlisha vitabu vilivyoazimwa maktabani. Hesabu ya namna hiyo huwekwa ndani ya kitu kama kisanduku, na kisanduku hupewa jina. Kompyuta haijali unakiitaje, mradi jina ulirudie vilevile. Wanafunzi thelathini na tisa walikiita "jumla". Wawili walikiita "jumal". Mara saba, kila mmoja.

Wa kwanza alikuwa Kinyozi, kijana aliyejilipia masomo kwa mkasi mpaka amri ilipofunga saluni zote. Wa pili alikuwa Mama Pacha, mwanamke mzima aliyerudi shule baada ya pacha wake kuanza darasa la kwanza.

Nukta hakuwa mtu wa pupa. Alikaa na jambo hilo siku mbili. Aliirudia video yake, akasikia na kuona "jumla" kila mahali. Watu wawili, alijiambia, hawajikwai kwenye jiwe moja mara saba. Kipindi kilichofuata cha mtandaoni, ambacho wasio na bando walikifuata kwa sauti tu, akauliza mbele ya darasa zima:

"Kinyozi na Mama Pacha. Nani kamwandikia mwenzake?"

"Mwalimu, mimi huyo mama simjui hata sura," Kinyozi alisema. "Kamera yake haijawahi kuwaka. Mimi nilifuata karatasi yako."

"Karatasi yangu naijua mimi."

"Kwani kunyoa na kunakili si kazi moja?" sauti fulani ikadakia. "Kote unahangaika na kichwa cha mtu!"

Darasa likacheka. Nukta naye, Mungu amsamehe, alitabasamu.

"Mwalimu, mimi nili..." Mama Pacha alianza, mtandao ukamkata. Nukta akangoja kidogo, kisha akahesabu ukimya ule kuwa jibu. Jioni ile akapeleka majina mawili kwa mkuu wa idara. Kamati ingekaa Ijumaa saa nne asubuhi, na kwa kawaida yake, mwizi wa kazi ya mwenzake hakuruhusiwa kufanya mtihani. Mwaka wake ulikuwa umekwisha.

Alhamisi mchana cherehani ilinyamaza.

"Baba," mkewe aliita kutoka nyuma ya pazia, "huyu Jamal ni nani?"

"Jamal yupi?"

"Sijui, yuko kwenye karatasi zako. Hapana, ngoja. Jumal. Ndiyo nini hiyo?"

Nukta alivuta pazia. Mkewe alikuwa ameshika kielelezo cha kukatia barakoa, alichokikata kutoka kwenye karatasi moja ya mumewe. Karatasi yenyewe ilikuwa ya wiki ya sita. Nukta alikuwa ameichapisha ili aihakiki, akaiweka kando, akasahau. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mkasi ulikuwa umepita na kuondoka na nusu ya somo, lakini jumal mbili zilibaki nzima.

"Ni mimi," alisema.

"Ni wewe nini?"

Akamweleza. Mkewe alisikiliza hadi mwisho, sindano mdomoni. Kisha akaitoa.

"Nyani haoni..." alianza, akamwangalia usoni, methali akaiacha njiani.

Nukta alirudi mezani, na alichokifanya kwanza ndicho kilichomtesa baadaye kuliko kosa lenyewe. Aliifungua ile karatasi mtandaoni, akasahihisha mahali pote saba, akaibandika upya. Yote dakika nne. Sasa hakuna ambaye angejua. Angemwandikia mkuu wa idara kwamba ameamua kuwasamehe. Kuwasamehe! Neno hilo alikuwa ameshaliandika nusu, simu ilipolia kwa ujumbe wa sauti.

Alikuwa Mama Pacha. Alizungumza taratibu, maji yakimwagika nyuma yake.

"Mwalimu, shikamoo. Sikuja kubishana. Bando la video sina, nafuata karatasi. Nilinakili kama ulivyosema, neno kwa neno. Lile neno sikulielewa, nikadhani ni neno la kompyuta, nikaona aibu kuuliza. Nisamehe kama nilikosea kunakili. Asante kwa masomo."

Uso umeumbwa na haya, na wa Nukta ulimwaka mpaka masikioni. Wale wawili alikuwa amewakamata kwa sababu moja tu: walikuwa hawana bando, na walimtii.

Alifuta barua ya msamaha. Akarudisha karatasi ya zamani, na jumal zake saba. Akamwandikia mkuu wa idara mistari mitatu, wa kwanza ukisema, "Kosa ni langu." Jibu lilikuja upesi: majina yameondolewa, na kamati itataka kumwona yeye. Ndipo akaita darasa, akawasha kamera, akaionyesha karatasi na kueleza kila kitu, mpaka zile dakika nne.

Hakuna aliyecheka. Kinyozi ndiye aliyezungumza.

"Basi Mwalimu, safari hii nukta iliyokosekana ni yako."

"Ni yangu. Nisamehe, ndugu yangu."

"Chuo kikifunguliwa uje nikunyoe. Nitafuata kichwa chako, neno kwa neno."

Lakini Mama Pacha hakuwepo. Jina lake lilikuwa limetoka kwenye kundi la darasa la simuni tangu mchana. Nukta akapiga namba yake.

"Haloo," ilijibu sauti ya mwanamke mzee. "Simu ni yangu, binti yangu huiazima. Nani?"

"Shikamoo, mama. Mimi ni mwalimu wake."

"Yule aliyesema mwanangu mwizi?"



"Ndiye mimi, mama. Nilikosea mimi, yeye hakukosa. Naomba nimwambie mwenyewe."

"Anafua. Una salio la kungoja?"

"Ninalo."

"Basi ngoja."

Alisikia ndoo ikisogezwa, na nyayo zikija bila haraka. Nukta alijikuta amesimama wima kando ya meza ya pasi, mkono mmoja nyuma, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.