Kengele ya Mama Igiraneza

Jumanne mchana, alipomaliza kushona sare za kwaya, Mahoro alifunika cherehani kwa kitambaa, akavuka barabara na kuingia katika kibanda cha michezo cha papa Cubaka. Alipewa manette ya kijani ya kuchezea, ile ambayo kitufe chake kimoja kilikuwa kimelegea, akakaa kwenye benchi mbele ya televisheni. Akaweka chuma, moto na maji kwenye meza ya ufundi iliyokuwa ndani ya mchezo. Meza ilitikisika kidogo, kama ilivyo desturi yake, ikatoa sufuria. Aliporudi nyumbani aliikuta sufuria hiyo kando ya mbabula, jiko lake la mkaa, pamoja na mfuniko wake.

Ndivyo mchezo ule ulivyokuwa pale mtaa wa Ndosho. Mchezaji alizunguka katika msitu wa televisheni akiokota miti, mawe na kamba, akaviunganisha mezani, na alichokiunda alikikuta kwake. Watu walikwisha kuzoea. Aliyevunjikiwa na kiti alikwenda kwa Cubaka kabla ya kwenda kwa seremala. Lalamiko lilikuwa moja tu, nalo ni kwamba meza haikuwa na msimamo. Mbao na misumari iliyotoa kiti jana ilitoa chumvi leo. Watu walitukana, wakapiga benchi ngumi, wakarudisha manette wakiapa kwamba hawataonekana tena pale. Kesho yake walikuwa wamepanga mstari.

Mahoro hakuwa na haja ya sufuria. Alitaka kengele.

Kengele ya kwanza ilitoka kwa Domitille, jirani yake aliyeuza makala, yaani mkaa. Domitille hakuwa mchezaji. Siku moja mvua ilimkuta barabarani, akajibanza kibandani, na Cubaka, kwa adabu yake ya watu wa Bukavu, akampa manette ili asikae bure. Domitille akaweka mti na kamba. Alipofika kwake alikuta kengele ndogo ya shaba inaning'inia mlangoni. Akaipiga. Jua lilipokaribia kuzama, mwanawe Harelimana, aliyempotea jioni ya volkano, alikuja kutoka upande wa ziwa. Alikuwa amerefuka na suruali ilimfika chini kidogo ya goti. Akauliza kuna nini cha kula. Majirani walileta maharage.

Kesho yake Mahoro aliweka mti na kamba. Meza ikatoa ufagio.

Naye alikuwa amepoteza mtoto jioni ile ile. Mlima wa volkano ulipofunguka, yeye na binti yake Igiraneza, mwenye miaka sita, walitoka mbio kwao Buhene wakafuata umati kwenye barabara ya Sake. Anga lilikuwa jekundu kiasi kwamba walionana nyuso bila taa. Karibu na Mugunga lori lilipiga honi, watu wakagawanyika, wakaungana tena. Mkono wa Igiraneza ulikuwa ndani ya mkono wake, halafu haukuwemo. Nyumba ya Buhene ikabaki chini ya mawe meusi. Mahoro akahamia Ndosho, na kwa kila aliyemuuliza jina alijibu kwamba yeye ni mama Igiraneza. Kwa hiyo mtaa mzima ulimwita kwa jina la mtoto ambaye hakuna aliyemwona.

Baba wa mtoto, Nsanzimana, alikuwa fundi mwashi huko Rumangabo. Waasi waliposhuka na barabara kufungwa, alibaki upande wa pili wa mapigano. Alipiga simu mtandao ulipokubali, na hakusalimia kwanza.

"Amefika?"

"Bado."

Mahoro akaendelea kucheza. Aliweka mti na kamba mvua ikinyesha, kwa sababu Domitille alicheza wakati wa mvua. Akapata ndoo. Aliweka shaba na kamba, jambo ambalo mtu yeyote mwenye akili angelitegemea litoe kengele, akapata kilo ya mchele wenye mawe. Aliazima hata kitenge cha Domitille akakivaa, akakaa mahali pale pale kwenye benchi. Meza ikatoa majivu, na majivu hayo aliyakuta yamemwagika juu ya kitanda.

"Papa Cubaka, ile ni sheria gani?" alisema siku hiyo, akaitupa manette kwenye benchi. "Mwenzangu anaweka mti na kamba, inamupa mutoto. Mimi naweka mti na kamba, inanipa ufagio! Mi nafagia nini?"

"Mama Igiraneza, hapana kasirika. Ngoja tuite wenye muchezo."

Cubaka alipiga namba iliyoandikwa kwenye kasha la mchezo. Sauti ya mwanamke ilijibu kwa Kifaransa kizuri, kwa upole mwingi, kwamba sheria za meza hazijawahi kubadilika, na kwamba wanamtakia mteja mchezo mwema. Cubaka akamtafsiria neno kwa neno. Mahoro akaiokota manette, akaifuta vumbi kwa pindo la kitenge.

Kwa Domitille alikuwa ameacha kwenda, maana kila alipofika alimkuta Harelimana mlangoni akimenya viazi, na moyo wake ulimuuma hadi akashindwa kuitikia salamu. Domitille ndiye aliyemfuata. Alileta kengele yake mwenyewe ndani ya mfuko wa makala.

"Chukua, piga. Kama iliita wangu, itaita na wako."

Mahoro aliipiga. Wakasubiri. Baada ya muda mfupi Harelimana, aliyekuwa nyumbani anakula, alitokea na ugali bado mkononi, akasimama mbele yao. Mahoro akapiga tena, kwa nguvu zaidi. Harelimana, ambaye hakuwa ameondoka, alisogea hatua moja.

"Rudia chakula chako, mwanangu," Mahoro alimwambia.

Domitille alimshika bega, na wote wawili wakabaki wamesimama hivyo mpaka mteja wa makala akaja kumwita Domitille.

Mjini kulikuwa na ofisi iliyoshughulikia watoto waliopotea. Mwanzoni ilimtaka Mahoro alete picha ya Igiraneza, na picha zote zilikuwa chini ya mawe kule Buhene. Siku moja meza ya Cubaka, kwa udongo na maji, ilimpa picha: Igiraneza na gauni lake la Noeli, jicho moja limefumbwa kwa sababu ya jua. Mahoro aliibusu, akaikimbiza ofisini. Karani alisema picha haitakiwi siku hizi, inatakiwa hati ya kuzaliwa yenye muhuri. Baada ya miezi mingi ya kuhangaika mezani, hati nayo ilitoka, kwa majani makavu na gundi, na muhuri wake ukiwa bado haujakauka.

Lakini wiki hiyo mizinga ililia kutoka upande wa Sake. Watu wa kambi za Mugunga waliingia mjini na magodoro yao kichwani, maji na umeme vikakatika, na milio ilipotulia mji ulikuwa na wakubwa wengine. Mahoro alisubiri hadi barabara zilipofagiwa ndipo akaenda na hati yake. Karani alikuwa mpya, ila kiti kilikuwa kile kile.

"Mama, muhuri huu ni wa wale walioondoka. Hatuutambui."

"Sheria imebadilika tena?"

"Sheria haijawahi kubadilika, mama," karani alijibu kwa upole mwingi.

Mahoro alirudi kwa miguu hadi Ndosho. Cubaka alikuwa amefungua kibanda. Ukuta mmoja ulikuwa na matundu ya risasi, na jua lilipita humo likafanya vidoti kwenye televisheni. Mahoro hakuwa na nguvu ya kuokota mti wala jiwe. Katika mfuko wake wa mchezo yalibaki peke yake majivu aliyoyaokota msituni zamani. Akayaweka mezani, akageuza uso kutazama barabara. Alipofika nyumbani, kengele ya shaba ilikuwa mlangoni.

Kwanza alipika. Alitandika shuka safi, akatoa nje ndoo ya maji ya kunawa. Kisha akaipiga kengele, mara moja, akakaa kwenye kizingiti.

Mtoto alikuja jua likizama, kutoka upande wa barabara ya Sake, akitembea bila haraka. Alikuwa msichana. Mahoro alisimama. Alimtazama akikaribia, na kila hatua ilimwondolea kitu: kwanza mwendo haukuwa ule, halafu masikio, halafu nafasi kati ya meno ya mbele, ambayo Igiraneza hakuwa nayo. Msichana alifika, akanawa, akasema neno kwa Kishi.

Mahoro akamwita Cubaka, ambaye Kishi ni lugha ya nyumbani kwao. Walizungumza kidogo.

"Anaitwa Cibalonza," Cubaka alisema. "Anasema mama yake alikuwa anauza nyanya kule Mugunga. Bombe ilianguka, kila mutu akakimbia njia yake. Akasikia kengele, akasema ni mama anamuita."

"Umwambie mimi siko mama yake."

"Anajua. Ameshaona. Anauliza kama anaweza kula."

Mahoro akampakulia.

Alimpeleka ofisini. Karani alieleza kwamba ofisi ile inashughulikia watoto waliopotea, na huyu ameonekana. Mahoro aliuliza ofisi ya watoto walioonekana iko wapi. Karani akasema haipo, kwa sababu haijawahi kuhitajika. Jioni kadhaa Mahoro alipiga kengele tena, na kila mara aliyekuja ni Cibalonza, kutoka nyuma ya nyumba, akasimama mbele yake kwa subira hadi mlio ulipoisha. Mwishowe Mahoro aliona haya kumsumbua mtoto, akaishusha kengele na kuifunga katika kitambaa.

Simu ya Nsanzimana iliingia Jumapili, baada ya misa.

"Amefika?"

"Kuna mutoto amefika."

"Ni yeye?"

"Hapana."

Mtandao ulikwaruza. Alidhani simu imekatika.

"Anakula vizuri?" Nsanzimana akauliza.

"Anakula."

"Basi." Alikohoa. "Basi, umuangalie."

Cibalonza alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, nywele zake zimejaa vumbi la barabara. Mahoro alikaa nyuma yake, akamweka katikati ya magoti, akachukua kichana na mafuta. Alianzia kwenye ncha, akapanda polepole, na kila alipokuta fundo alilishika kwa vidole kwanza ili ngozi isivutwe. Alifikiri kwamba meza kama ile lazima zipo na penginepo, Bukavu, Gisenyi, au hapa hapa mtaa wa pili, na kwamba mwanamke fulani huko alipiga kengele akimtaka wake, akaja Igiraneza. Mwanamke huyo hakumjua Igiraneza. Hakujua kwamba kichwa cha mtoto huyo huuma kikichanwa upande wa kushoto, juu ya sikio, na kwamba pale mtu hupita taratibu.

Mahoro alipofika pale pale kwenye kichwa cha Cibalonza, alipunguza mkono, akapita taratibu.