Gari la Viti Viwili

Mwaka ule watu binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, Nyanda alipata faida ya haraka, na faida ya haraka ina wazimu wake. Wenzake wa Bariadi walinunua malori. Yeye alishuka Dar akarudi na kigari chekundu cha Kijapani, aina ambayo kiwanda chenyewe kiliitengeneza miaka michache tu kikaichoka. Paa lake la turubai lilikunjwa likalala nyuma. Taa zilijificha ndani ya boneti. Ukibonyeza swichi, zinachomoza kama macho ya chura. Tumbo lake lilikaribia kulamba vumbi, na buti halikumeza hata gunia moja. Viti vilikuwa viwili, basi.

"Mwambie mumeo," Milembe, mama mkwe wake wa Migato, alimtuma bintiye Blandina, "gari la watu wawili ni la mtu asiye na ndugu."

Neno hilo lilimchoma Nyanda, na hakuwa na namna ya kulijibu. Kwao mtu na mama mkwe wake hawakai karibu wala hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja hupisha porini. Hata salamu zao zilipitia kwa Blandina. Alitamani mno yule mama amwone kuwa ni mtu, lakini utaonwaje na asiyekutazama?

Jumapili moja, wakiwa Migato kusalimia, Milembe aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Walimpakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, gurudumu likagonga jiwe la kwanza, akapiga yowe wakamshusha. Gari kijijini lilikuwa hilo moja. Dereva naye alikuwa mmoja.

"Nikae bega kwa bega na mkwe?" Milembe alisema, meno yameumana. "Niacheni nife na heshima yangu."

Hakuwa anatania. Nyanda alisikia yote kutoka nyuma ya nyumba, na hofu ikamshika. Mara ngapi Blandina alimwomba amfundishe kuendesha, naye akacheka! Sasa kicheko kilikuwa kinamtokea puani. Ndipo akawaita shemeji zake.

"Leteni ng'ombe. Fungeni hapa mbele."

Wakakunja paa, wakalaza kiti, wakamteremsha mgonjwa kwa blanketi kutokea juu, bila kumkunja mlangoni. Blandina akashika usukani, injini imezimwa.

"Breki ni ile ya katikati!" Nyanda alimpigia kelele kutoka mbali.

Ng'ombe wanne walitangulia, na tajiri wa pamba akafuata nyuma kabisa kwa miguu, akila vumbi la gari lake mwenyewe mpaka Bariadi. Wavunaji waliacha pamba wakashika mbavu kwa kucheka. Wacha wacheke.

Hospitalini, mgonjwa alipokwisha kulazwa, Nyanda alisimama nje ya wodi, uso ameugeuzia ukuta kama heshima inavyotaka. Blandina akatoka na neno la mama yake.

"Mayu anasema, kumbe gari letu linatosha."

Nyanda hakugeuka. Kwa mara ya kwanza aliishukuru mila ile, maana ukuta peke yake ndio ulioyaona machozi yake.