Mwewe Kwenye Rimoti

Jumapili ile, saa kumi za jioni, mume wangu alimwendesha mwewe kwa rimoti. Nililiona hilo kwa macho yangu mawili.

Nianze na glaida yenyewe. Ni ndege ndogo isiyo na injini, ila mabawa yake yananizidi mimi urefu. Mume wangu, dereva wa basi la shule, ndiye aliyechonga mbao. Mimi, fundi cherehani, ndimi niliyeivalisha: unatandaza plastiki laini juu ya bawa, unapitisha pasi ya moto wa wastani, plastiki inajikaza kama shuka la hotelini. Sijisifu, lakini pale kilimani tunaporushia hakuna bawa lililonyooka kuliko langu. Yeye anarusha, mimi nakaa kwenye kiti cha kukunja na kumtania.

Upepo siku hiyo ulikuwa mzuri, unapanda mteremko bila kusitasita. Akaisukuma kwa mkono, ikapaa, ikawa inakwenda na kurudi mbele ya kilima. Mara akaja mwewe, akaanza kuzunguka karibu yake. Warushaji hufurahi wakimwona mwewe, maana anawaonyesha penye hewa ya kupandia.

"Mfuate huyo bwana," akasema Fundi Kufuli, rafiki yake anayechonga funguo sokoni. "Amekurahisishia kazi."

Muda si muda nikaona glaida inainamisha pua. Nikadhani ni mbwembwe zake. Ikatupita juu ya vichwa, ikaenda nyuma yetu, ikajipiga kwenye mawe. Nilisikia mbao zikipasuka. Fundi Kufuli akashika kichwa.

Mume wangu hakugeuka.

"Nani huyo kaangusha?" akauliza, vidole vyake vikiendelea kusukuma vijiti vya rimoti taratibu, uso juu, anatabasamu. "Pole yake. Yangu mnaiona inavyozunguka?"

Juu hapakuwa na kitu ila mwewe.

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikashika mbavu, nikidhani anatufanyia vituko. Mwewe akapiga mabawa mara mbili, akaenda zake, na mume wangu akavuta kijiti kumrudisha. Akavuta tena.

"Haisikii," akasema. "Itakuwa betri."

Hapo nikaacha kucheka. Mwaka jana aliniomba nibadilishe bluu ya chini ya bawa niweke nyekundu. Baada ya miezi michache akataka nyekundu yenye mistari myeupe, na juzi juzi tu akataka njano na nyeusi, mistari mipana kama kiganja. Nilimtania kwamba anataka kurusha pazia la sebuleni. Yote niliyabandika mwenyewe, kwa pasi yangu mwenyewe, na sikujiuliza hata mara moja. Mjinga mkubwa mimi.

Fundi Kufuli naye alikuwa ameelewa. Akasema anakwenda kuokota vipande, akatuacha wawili.

"Baba watoto," nikasema, "tangu lini?"

Hakujifanya haelewi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Akaketi kwenye nyasi, rimoti mapajani.

"Pembeni naona. Katikati ndiyo pana ukungu. Daktari wa macho alisema miwani haitasaidia."

"Daktari yupi? Ulikwenda lini?"

"Mwaka jana, mwezi wa nane."

"Akasemaje kuhusu kuendesha?"

Alichuma jani, akalikatakata. "Alisema niache."

Watoto arobaini na wawili, kila siku ya shule, asubuhi na mchana, na aliyeshika usukani ni huyu asiyeweza kutofautisha ndege ya mbao na mwewe. Na mimi kila alfajiri namchemshia chai, namfungia chakula chake, namwambia safari njema.

"Barabarani si kama angani," akasema. "Ile njia nimeikariri, kila shimo, kila tuta. Miaka kumi na tisa sijamgusa hata kuku. Nipe muhula huu tu, mke wangu. Niage kama watu wanavyoaga. Usinivunjie heshima."

Kusema kweli, moyo wangu ulitaka kumpa. Ni mume wangu, na kazi ile ndiyo iliyomfanya watoto wa mtaa mzima wamwamkie. Nikainuka bila kusema neno, nikashuka mteremko hatua arobaini nikizihesabu. Nilikuwa nimevaa gauni la njano. Nikamgeukia, nikainua mkono kama mtoto anayetaka kuvuka.

Niliisikia sauti yake japo upepo ulikuwa unapanda. Alikuwa anazungumza na kiti changu.

"Kama umekasirika sema basi. Kuninunia hakusaidii."

Akangoja. Akapapasa kile kiti, akakikuta kitupu. Kisha akainua uso, akatazama moja kwa moja pale niliposimama, mkono wangu ukiwa juu, machozi yananitoka.

"Umekwenda wapi?" akauliza.

Nikapanda mpaka alipo, nikatoa simu, nikampigia mwalimu mkuu mbele yake.

"Samahani kwa kukusumbua siku ya mapumziko," nikasema. "Kesho dereva wako haji. Wala keshokutwa. Hawezi kuona mbele, na amelijua hilo tangu mwaka jana."



"Ijumaa," akasema mwalimu mkuu, "wanangu wote wawili walikuwa ndani ya basi lile."

Nilipokata simu mume wangu alikuwa bado ameketi.

"Umenimaliza," akasema.

"Ndiyo," nikamjibu.

Wakati wa kushuka Fundi Kufuli alitangulia na vipande vya glaida. Mume wangu akaweka mkono begani mwangu. Mwaka mzima amekuwa akitembea hivyo, sokoni, mitaani, kwenye ngazi, nami nikamringia dada yangu kwamba uzee umemletea mwenzangu mahaba. Sasa nilijiona fimbo tu ya kutembelea, na hasira ikanipanda upya.

"Huu mkono," nikamwuliza, "ulikuwa kwa ajili ya macho tu?"

Hakuuondoa.

"Mwanzoni," akasema.