Pembe Namba Arobaini na Moja

Driwaru alikuwa akimenya mihogo michungu, chakula chao kwa siku ya tatu mfululizo, mumewe aliposhuka kutoka ghalani na kifurushi cha gunia. Alikijua hata kabla hakijafunguliwa. Kisu kikasimama mkononi.

"Unapeleka?"

"Redio ilisema. Serikali mupya iko nahesabu kifaru. Sisi askari ya wanyama ya zamani, kila mutu arudishe kitu ya serikali. Labda watanipa kazi tena."

"Baba Ayiko, hiyo kitu ilikula mutoto yangu. Peleka. Mimi sitaki kuiona tena."

Okuonzi akakaza kamba ya gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na pembe ya kifaru mweupe. Mwaka wa themanini, siku chache kabla watu wa Arua hawajakimbia vita, alimkuta mnyama huyo amelala kando ya Nile, kachakazwa kwa risasi. Wauaji walikuwa wameondoka na pembe moja. Ya pili aliikata yeye, kama kanuni ya kazi ilivyotaka: askari achome namba kwenye pembe kwa chuma cha moto, aipeleke ofisini kwa mkono wake mwenyewe, iandikwe kitabuni. Akachoma namba 41. Alipofika mjini, ofisi ilikuwa majivu, na barabara imejaa watu na magodoro. Akavuka nayo mpaka Kongo.

Huko Kongo ndiko mtoto wao Ayiko alikoumwa surua. Mfanyabiashara wa Koboko, Asumani, akaja na sindano ya dawa na magunia sita ya mahindi, akitaka pembe tu. "Si yangu," Okuonzi akasema. Ayiko alikuwa na miaka minne walipomzika. Jamani, mtu awe mwaminifu kiasi hicho! Hata ndugu zake walimcheka waziwazi, na usiku mwingine alijichukia mwenyewe.

Siku hiyo Okuonzi alitembea kutoka kijijini kwao Aroi hadi kilima cha Arua, shati la kaki la zamani likiwa limeshonwa mabegani. Nje ya ofisi palikuwa na Landrova mpya, mlangoni imechorwa kifaru. Wanajeshi wawili walikuwa wakitafuna miwa kivulini; barazani walisubiri polisi mmoja na mpiga picha. Ndani alikaa mkaguzi kutoka Kampala, kijana mwenye viatu vinavyong'aa. Okuonzi akapiga saluti.

"Askari Okuonzi, bwana. Naleta mali ya serikali."

Mkaguzi alifungua gunia, akalifunga upesi. "Umeipata wapi?"

Okuonzi akaeleza yote, tangu Nile hadi Kongo. "Namba iko, bwana. Angalia hapa chini."

"Na kitabu cha namba?"

"Kitabu iliungua pamoja na ofisi."

"Basi namba hii ungeweza kuichoma hata jana."

"Sasa nichome jana kwa nini, bwana, halafu nilete mwenyewe?"

Mkaguzi alipitisha kalamu juu ya karatasi iliyokuwa tupu. "Wiki tatu tumezunguka hifadhini. Unajua tumehesabu vifaru wangapi?"

"Hakuna hata moja, bwana. Yote imekwisha. Watu ya bunduki kubwa ndio walimaliza, hao wenye..."

"Sikukuuliza nani." Mkaguzi alitazama mlangoni, kwa wale wanajeshi, akashusha sauti. "Wazungu wametupatia magari ya kulinda vifaru. Wataniuliza vifaru wako wapi. Nisipokuwa na vifaru, lazima niwe na mtu."

Okuonzi hakuelewa vizuri Kiswahili hicho cha haraka. Alisikia tu neno "mtu", akadhani nafasi ya kazi ipo.

Mkaguzi akatoka, akanong'onezana na polisi, akarudi anatabasamu. "Njoo nje, mzee. Tupige picha. Shika pembe yako."

Moyo ukamtulia Okuonzi. Kumbe serikali ina macho! Akafunga vifungo hadi shingoni.

"Picha ya kitambulisho ya kazi, bwana?"

"Inua juu kidogo."

Akainua. Akabana visigino, kidevu juu, na kwa mara ya kwanza tangu Kongo akatabasamu. Kamera ikalia. Polisi akaja kwa nyuma, akamfunga pingu mkono wa kwanza, kisha wa pili, pembe ikiwa bado katikati ya viganja.

"Bwana? Bwana, ni mimi nimeileta!"

"Moja nyingine," mkaguzi akamwambia mpiga picha. "Mzee, inua tena, pingu zionekane."

Na Okuonzi, ambaye hajawahi kukataa amri ya serikali, akainua.