Maganda Yaliyolowa

Saa 2:10 asubuhi, Jumanne, vipande viwili vya kuni vilikuwa bado vinafuka mbele ya boila ya kiwanda cha mafuta ya alizeti, Misigiri. Evodia, afisa rasilimali watu, alivipiga picha, kisha akamwamkia mwendesha boila.

"Shikamoo, mzee Kefa."

"Marahaba. Fomu kabla ya chai? Leo sina changu."

Fomu aliitunga Evodia mwenyewe. Tangu Januari, alama arobaini kati ya mia za kila mfanyakazi zilikuwa za kutunza mazingira. Boila ilitakiwa kutumia maganda ya alizeti tu. Atakayechoma kuni, au kusababisha zichomwe, hapati mkataba mpya. Kwa kanuni hiyo kiwanda kilipata mnunuzi mkubwa, na mauzo yalipanda. Mkataba wa Kefa ulikuwa unaisha Ijumaa. Wa Evodia, Juni.

"Maganda si yapo tele?"

"Yashike."

Alichota kwa mkono. Maji yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Yamelowa lini?"

"Alhamisi. Mvua inapiga, turubai la kuyafunika liko uani, mmekaa chini yake mnatufundisha mazingira. Na makofi nilipiga."

Evodia ndiye aliyeagiza turubai liondolewe juu ya maganda. Hema la semina, la kukodi kutoka Kiomboi, lilikuwa limechelewa.

"Ungezima boila, mzee."

"Ningezima, ungeniandika nimesimamisha kiwanda. Siku tano hizi tumepoteza hata saa moja?"

Hawakupoteza. Takwimu alikuwa nazo.

Meneja Ranjan alisoma maelezo yote ya Evodia, pamoja na sentensi ya agizo lake la turubai.

"Dada Evodia, fomu inauliza nani, haiulizi kwa nini. Nafasi ya sababu uliifuta wewe."

"Nilisema watu watajitetea mno."

"Na mimi nikakubali. Mkaguzi wa mnunuzi anakuja kesho. Nikimwacha mmoja, kanuni haipo, na mnunuzi hayupo." Aligonga ile sentensi kwa kidole. "Hii nayo umeiandika mwenyewe. Lete fomu ya pili."

Saa 9:25 alasiri, Kefa alitia saini mbele ya sifuri yake. Akaona karatasi nyingine chini.

"Hii ya nani?"

Evodia aliigeuza asome jina.

Kefa alisoma, akamrudishia kalamu. Evodia akatia saini.