Sanamu za Uwele Misani

Kila uwele ulipokomaa kijijini Kinyangiri, waumini walihamia mashambani kufukuza ndege, kanisa likabaki na popo. Mwaka huu Katekista Calist alichoka kuitikia Misa peke yake. Jumapili alfajiri alipita mashambani kwa hasira, akang'oa sanamu zote za kutishia ndege, zikiwa na mashati na vitenge vya wenyewe, akazipanga kwenye mabenchi. Padre, ambaye macho yake yalishafifia kwa uzee, alihubiri kwa furaha: leo hakuna anayesinzia!

Kabla ya sadaka, waumini wakaingia mbio na manati mikononi, wakizisaka sanamu zao.

"Karibuni, wageni," Padre akasema. "Ila simameni nyuma. Mabenchi yana wenyewe, na wenyewe wamewahi."

Calist akaitikia kwa nguvu, "Amina!"